Mwaka Nilionunua Moyo Mzima

Sista Mwanaidi hakukubali hata siku moja kwamba moyo ni pampu. Alikuwa nesi wa miaka mingi, alijua vyumba vyote vinne vya moyo, alijua damu inaingilia wapi na kutokea wapi, lakini neno pampu lilimkera kama mama aliyesikia mwanawe akiitwa jina la utani. "Pampu haiendi mbio ikimwona mkwe," alikuwa akisema huku akigeuza maandazi kwenye mafuta, na mimi, nimekalia ndoo iliyopinduliwa, nikimwambia kwamba hiyo si hoja, kwamba moyo unakwenda mbio kwa sababu kuna kemikali inatoka kwenye tezi zilizo juu ya figo. Naye ananijibu kwamba basi nimweleze hiyo tezi ilimjuaje mkwe. Juma lililopita, kwenye kundi la simu la watumishi wa zamani wa kata tuliyofanyia kazi, mtu aliandika kwamba Sista amefariki kwao Pangani na ameshazikwa. Watu wakaweka picha za viganja vilivyounganishwa, mmoja baada ya mwingine. Mimi nilikaa na simu mkononi, na kabla huzuni haijafika, kitu cha kwanza nilichotaka kilikuwa kuendelea na ule ubishi. Hiyo tezi ilimjuaje mkwe? Nimesoma sana tangu wakati ule na bado sina jibu ambalo angelikubali.

Mwaka ninaoukumbuka ni ule nilipomaliza chuo kikuu. Ajira za walimu zilikuwa hazijatangazwa, nami sikutaka kukaa kwetu Mugumu nikisubiri, nikaomba kujitolea kufundisha baiolojia katika sekondari ya kata upande wa Gorong'a. Shule haikuwa na nyumba ya kunipa. Zahanati ya jirani ilikuwa nayo, ya vyumba viwili, na nesi aliyekaa humo peke yake alisema ningeweza kuchukua chumba cha mbele kama sikoromi. Chumba chake kilinukia udi na sabuni ya hospitali. Changu kilikuwa na godoro, meza ya mbao mbichi iliyokuwa ikitoa utomvu, na vitabu ambavyo nilivipanga sakafuni nikiviwekea kipande cha bati chini kwa ajili ya mchwa. Tulipikia barazani. Mimi nilizoea ugali wa muhogo na mtama tangu utoto, ule mweusi unaovutika, na yeye aliuita lami. "Leo tunakula barabara ya Sirari," alikuwa akisema, halafu anaumaliza. Dagaa wa Ziwa aliwavumilia. Kamba wakavu waliotumwa kutoka kwao aliwafungia kabatini na ufunguo alilala nao.

Nilikuwa msumbufu, nakiri bila kujutia. Chuo kilikuwa kimenifundisha kuuliza "nani amesema na amejuaje", nikatoka nalo swali hilo kama mtoto aliyepewa filimbi. Nilimuuliza mchungaji wa kanisa la jirani, nilimuuliza mkuu wa shule, nilimuuliza Sista kuhusu dawa alizozitoa. "Wewe," aliniambia mara moja, "hata ukiambiwa uji ni wa moto utataka kujua nani kapima." Lakini mtu niliyemtilia shaka zaidi alikuwa mimi mwenyewe. Nilikuwa na shahada inayosema naujua moyo, na moyo wenyewe nilikuwa nimeuona mara moja tu, wa kijivu, umelowekwa dawa, nikiuchungulia juu ya mabega ya wanafunzi walionizidi urefu. Sasa nikasimama mbele ya kidato cha tatu, nikawasikiliza wakitaja kwa Kiingereza majina ya vyumba na mishipa, kwa sauti moja, kama wanaosali, nikagundua kwamba wao na mimi tulikuwa sawa. Nikawauliza kwa Kiswahili: damu ikishafika kwenye kidole cha mguu, inarudije juu?

"Inarudi, Madam."

"Inarudije? Kidole kiko chini, moyo uko juu. Maji hayapandi mlima."

Mvulana mmoja akasema inasukumwa na inayokuja nyuma yake, kama watu mlangoni mwa kanisa ibada ikiisha. Nilimwambia ni jibu zuri na halitoshi, na kwamba Ijumaa tutaangalia moyo wenyewe.

Kuupata moyo haikuwa rahisi kama nilivyodhani. Mwenye bucha pale senta aliitwa Wambura, na nilipomwambia nataka moyo wa ng'ombe, mzima, usiokatwa, aliweka kisu chini.

"Moyo usiokatwa haujapimwa, Madam. Bwana mifugo ndiye anaukata, aangalie minyoo. Ukila ukaugua, kesho ni mimi natajwa."

"Sitaula. Nataka kuuangalia."

Mteja aliyekuwa akisubiri utumbo akacheka. "Anataka kuuangalia. Sasa Wambura, si umwonyeshe wako?"

"Wangu ameshauona mke wangu. Haukumfurahisha." Kisha akainama karibu yangu akapunguza sauti. "Nikuulize tu kwa heshima. Hapa wanaonunua moyo mzima ni waganga. Huu ni wa darasani kweli?"

Nikamwambia anaweza kuja kusimama dirishani akitaka. Bwana mifugo akakubali kuupasua mahali pamoja tu, ubavuni, na Ijumaa asubuhi nikapanda bodaboda na ndoo katikati ya magoti, na ndani ya ndoo moyo mkubwa kuliko kichwa cha mtoto mchanga, bado na uvuguvugu. Wambura alikuja kweli. Alisimama dirishani na aproni yake mpaka kipindi kikaisha.

Nimekwisha kuona mambo mengi tangu hapo, lakini asubuhi ile imebaki na mwanga wake. Moyo uliwekwa kwenye sinia la jikoni, na jambo la kwanza lililotushangaza lilikuwa kwamba kushoto na kulia havifanani. Ukuta wa kulia ulikuwa mwembamba, unaufinya kwa vidole viwili. Wa kushoto ulikuwa mnene kama kiganja kilichokunjwa, maana wa kulia unapeleka damu kwenye mapafu yaliyo jirani, wa kushoto unaipeleka mpaka kwenye kwato. Ndani tulikuta nyuzi nyeupe, ngumu kama zile za kushonea magunia, zimeshika ngozi nyembamba zilizo kati ya chumba cha juu na cha chini, na nilipovuta nyuzi hizo ngozi zikatulia, zikakutana. Ngozi hizo ndizo vali, milango ya moyo. Juu kidogo ya mahali mshipa mkubwa unapoanzia tukaona vitundu viwili, na nikawaeleza kwamba hiyo ni midomo ya mishipa inayoulisha moyo wenyewe: damu ikitoka tu, wa kwanza kupata ni moyo. "Kama mwenyekiti wa kijiji," mtu akasema nyuma, na hata Wambura dirishani akacheka.

Kisha tukajaribu kwa maji, na aliyeyamimina alikuwa Rhobi. Nilimchagua kwa sababu mkono wake ulikuwa mtulivu, na pia kwa sababu alikaa karibu na hakupenda kusimama. Nilikuta shuleni hadithi yake tayari: alikuwa mkimbiaji, aliiwakilisha shule mpaka mashindano ya wilaya, kisha mwaka uliopita akaanza kubaki nyuma, akaacha kabisa, na sasa alivuka uwanja polepole kiasi kwamba wenzake walimwita Bibi Harusi. Mwalimu wa michezo alisema tu kwamba amepoteza moyo. Rhobi akamimina maji kwenye mshipa mkubwa, kuelekea chini, kwenye moyo. Maji hayakupita. Yalisimama mle kama kwenye kikombe, na chini yake tukaona vifuko vitatu vimejaa vikabanana, vimefunga njia. Hakuna msuli uliovifunga. Maji yenyewe yaliyotaka kurudi ndiyo yaliyovifunga. Rhobi akaingiza ncha ya kidole katikati ya vifuko, maji yakapita yakamwagika kwenye sinia.

"Madam, na kama mlango hauzibi, hiyo damu inakwenda wapi?"

"Inarudi ilikotoka."

"Halafu?"

"Halafu moyo unaisukuma tena."

"Ile ile?"

"Ile ile, na nyingine mpya juu yake."

Alitazama maji yakidondoka. "Utachoka," akasema.

Juma lililofuata Sista alinikopesha stetoskopu yake kwa masharti ya mtu anayekopesha mtoto wake. Wasichana walikwenda maabara, ambayo ilikuwa stoo ya majembe, wakasikilizana wawili wawili, na stoo ikajaa vicheko: wa huyu unakwenda mbio, huyu amempenda nani. Kisha Nyangi, aliyekuwa na Rhobi, akaniita bila kucheka. "Wa Rhobi unasema vingine, Madam."

"Unasemaje?"

"Unapuliza. Kama mtu anapuliza chai."

Nikasikiliza. Moyo wa mtu husema mapigo mawili, na mapigo hayo si misuli, ni milango inayofungwa, mmoja baada ya mwingine. Kwa Rhobi pigo la kwanza lilikuwa limefunikwa na pumzi ndefu, fuuu, kisha la pili. Sikuamini masikio yangu. Nikasikiliza wa Nyangi, nikasikiliza wangu, nikarudi kwa Rhobi. Pumzi ilikuwa palepale. Nikaenda kumwita Sista, akaja na glavu mkononi, akamlaza Rhobi ubavu wa kushoto juu ya benchi, akasikiliza chini ya titi, kwapani, mgongoni. Alitumia muda mrefu. Alimuuliza kama anaweza kulala chali, Rhobi akasema hapana, analala ameegemea gunia la mahindi, akilala chali anahisi kama amezama. Akamuuliza kama utotoni aliumwa koo.

"Nilikuwa naumwa sana. Mpaka nikakatwa kimeo."

Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa, na huku kwetu, na sehemu nyingine nyingi, ndicho kinachobebeshwa lawama ya kila kikohozi na kila koo linalowasha. Kuna mtu anayejua kukikata, na kikikatwa mambo yamekwisha. Kwa Rhobi hayakuisha. Magoti yake yalivimba, maumivu yakahamia kwenye viwiko, yakahamia tena, kisha yakaondoka yenyewe, na kila mtu akasema mtoto amepona.

Mchana ule Sista hakutania ugali. Alinieleza kwamba ugonjwa wa koo wa aina ile, usipotibiwa kwa dawa yake, unaweza kuuchanganya mwili: askari wa mwili wanaoutafuta ugonjwa wanakuta milango ya moyo inafanana na adui, wanaipiga, inabaki na makovu, inakuwa migumu, haikutani tena. Nilimuuliza, kama kawaida yangu, koo na moyo vinajuanaje. "Barabara ni moja," akasema. "Hiyo damu unayowafundisha inazunguka, unadhani inazunguka peke yake?" Nikamuuliza Sista hali ya Rhobi itakuwaje. Akafikicha macho. Akasema mlango ule ukiachwa, moyo utajitanua, utajaribu, utajitanua tena, miguu itavimba, na msichana yule hatafika umri wangu. Ukishughulikiwa, anaweza. Nilikuwa na miaka ishirini na minne.

Tulikwenda kwao Jumamosi. Mama yake, ambaye watu walimwita Mama Chacha kwa jina la mwanawe mkubwa, alitupokea vizuri, tukamwamkia, akatuletea maziwa ya mgando katika vikombe vya bati, na mama mmoja jirani alikuwapo akichambua maharage. Sista akanywa nusu ya kikombe, akaweka kando, akasema kwa Kiswahili chake cha Pangani, laini kama kanga iliyofuliwa: "Mama, nimemsikiliza huyu binti yako. Moyo wake si mzuri."

Mkono wa Mama Chacha ulisimama hewani. Akamgeukia jirani, wakasemezana kwa Kikurya upesi. Lugha ya nyumbani kwangu ni Kinata, na Kikurya nakishika kwa mbali, kama redio ya nyumba ya pili. Nilishika neno moyo, na neno la mtu mwovu, sikuyaelewa yakiwa pamoja. Kisha akachukua vikombe vyetu, cha Sista hakijaisha, akasema karibuni siku nyingine. Njiani Sista aliniuliza kama watu wa huku wana mwiko wa kuzungumzia ugonjwa Jumamosi.

Jumatatu Mama Chacha alikuwa ofisini kwa mkuu wa shule kabla ya kengele. Mkuu alitoka Singida, mtu wa haki asiyejua Kikurya hata cha salamu. Aliniita, akamwita Sista, na Mama Chacha akasimama, hakukubali kiti.

"Mwalimu, mtoto yangu hana moyo mbaya. Ameiba kwa nani? Amemroga nani? Huyu Sista ameingia nyumba yangu, amekunywa maziwa yangu, anasema moyo ya mtoto yangu si mzuri. Na ule mwalimu wa michezo anasema hana moyo. Sasa hana, ama ana mbaya? Mwambie moja."

Nilimwona Sista akirudia sentensi yake kichwani na kuisikia kwa sikio la mwenzake. Yeye alizaliwa ndani ya Kiswahili, na kwake moyo ulikuwa vitu viwili ambavyo havikuwahi kugongana: kiungo na tabia. Kwa Mama Chacha, Kiswahili kilikuwa lugha ya soko na serikali, na moyo mbaya katika lugha hiyo ulikuwa na maana moja. Tukajaribu kueleza, tukazidi kuharibu: Sista akasema moyo mgonjwa, Mama Chacha akaelewa mtoto ana woga. Nikasema moyo umeharibika, ikawa mbaya zaidi. Mwisho mkuu akasema aitwe Rhobi mwenyewe atafsiri.

Darasa lao lilikuwa ng'ambo ya uwanja. Tulimsubiri, sote tukitazama dirishani. Rhobi alitoka mlangoni, akaja. Alifika kwenye mlingoti wa bendera akasimama, akaushika, akainamisha kichwa. Wanafunzi wawili waliokuwa wakifagia walimwimbia wimbo wa harusi. Akaanza tena. Mama yake hakuwa amewahi kumtazama akitembea uwanja mtupu vile. Nyumbani kuna vitu vya kushika kila mahali. Rhobi alipoingia, mama yake alikuwa amekaa kwenye kile kiti.

Alianza kutafsiri vizuri, kisha akakwama. Kikurya chake hakikuwa na neno la vali, na Kiswahili changu kilikuwa kimempa neno mlango, ambalo halikutosha. Alifikiri. Halafu akaanza upya kwa mikono, na nilielewa karibu yote. Alimuuliza mama yake asubuhi ng'ombe wanapotolewa zizini inakuwaje. Wanatolewa, magogo yanapitishwa langoni nyuma yao, wanakwenda malishoni. Sasa fikiria magogo yameoza. Mchungaji anawatoa, nusu wanageuka wanarudi ndani. Anawatoa tena hao hao, pamoja na wengine. Wanarudi. Siku nzima yuko langoni, na ng'ombe malishoni ni wachache, wamekonda. Mchungaji si mwovu, si mwoga. Anafanya kazi kuliko wachungaji wote. Rhobi alisema hayo, na niliona yakimfikia yeye mwenyewe, mkono wake ukiwa umebaki kifuani mahali alipokuwa akionyesha lango. Mpaka dakika ile hakuna aliyekuwa amemweleza kwamba si mvivu.

Mama Chacha aliuliza swali moja. "Na mchungaji akichoka kabisa?"

Rhobi akamtazama Sista ajibu yeye.

"Ndicho kilichonileta kunywa maziwa yako, mama," Sista akasema.

Baba yake, Mzee Marwa, alikuwa mtu wa kabila langu, simaanishi la damu. Alitusikiliza wote, akauliza: "Huo mlango mmeuona?" Nikamwambia hapana, tumeusikia. "Mtu anaweza kusikia fisi, akaenda akakuta ni mbwa," akasema, nami ningeuliza vilevile. Mganga mkuu wa wilaya aliandika rufaa, na Mzee Marwa akasema atakwenda Mwanza, si kwa kuwa ameamini, ila aone. Aliniomba niende nao, nimsomee maandishi.

Katika chumba chenye mapazia meusi, daktari kijana alipaka utelezi kifuani kwa Rhobi, akaweka kifaa, na kwenye skrini moyo ukatokea ukifanya kazi. Nilikuwa nimeshika moyo mkononi, nimeupasua, nimewafundisha watu, na sikuwa tayari kwa hilo. Ulikuwa na haraka. Ulikuwa kama kitu ambacho hakijui kinatazamwa. Mlango mmoja ulipepea mwepesi kama sikio la mbuzi, na mwingine, wa kushoto, ulikuwa mnene, unajikokota, midomo yake haikutani. Kisha daktari akawasha rangi. Nilikuwa nimezoea vitabuni kwamba nyekundu ni damu yenye hewa safi na bluu ni iliyotumika, na nilitaka kuonekana najua, nikasema hivyo. Daktari akasema hapana, hapa rangi ni mwelekeo tu, nyekundu inakuja kwetu, bluu inatuacha. Mzee Marwa, kofia magotini, alinyoosha kidole mahali rangi zilipochanganyika, zikaruka juu kama moto wa nyasi kila pigo.

"Na hii?"

"Hiyo ni inayorudi, mzee."

Alitazama mapigo mengi. "Wanarudi," akasema kwa Kiswahili, akitumia neno la viumbe hai. Akavaa kofia. Ng'ombe waliuzwa juma lile, na sikuuliza wangapi.

Mlango haukuweza kutengenezwa, ulipaswa kubadilishwa, na hilo lingefanyika Dar es Salaam. Mama Chacha, ambaye hakuwa amewahi kupita Musoma, ndiye aliyekwenda na Rhobi. Wakasubiri zamu miezi kadhaa, Rhobi akichomwa sindano zake za kuzuia ule ugonjwa wa koo usirudi, akinitumia ujumbe wa maswali. Aliuliza damu inayotolewa kwa kipimo mwili unaitengenezaje tena. Aliuliza kwa nini moyo hauchoki usingizini. Nilimjibu kwamba unapumzika kati ya pigo na pigo, kidogo kidogo, na ukijumlisha mapumziko hayo yanazidi kazi. Akaandika, "Kumbe ni mjanja."

Siku ya upasuaji Sista alipika wali, jambo la sikukuu. Tulikaa barazani na sahani magotini. Nilimuuliza kama ni kweli kwamba moyo unasimamishwa kabisa. Akasema ni kweli, unasimamishwa, damu inazungushwa na mashine pembeni ya kitanda, hata mapafu yanapumzika.

"Basi Sista, umekubali mwenyewe. Kama mashine inaweza kushika kazi yake, na mtu akaamka akiwa yule yule, moyo ni nini kama si pampu?"

Alichambua punje moja iliyobaki na ganda, akaiweka ukingoni mwa sahani. "Ungekuwa pampu," akasema, "ungekuwa umemaliza wali wako."

Nikatazama sahani yangu. Sikuwa nimegusa hata punje. Jioni jua likiwa bado halijazama Mama Chacha alipiga simu, akaomba aongee na Sista na si mimi, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kwa miezi ile ya wodini. Rhobi ameamka, alisema. Ameuliza kama shule zimefungwa.

Walirudi Desemba. Familia ikatuita tule mchana. Watu huniuliza mpaka leo msichana yule aliishia wapi, nami huwaambia ana duka la madaftari na sare Nyamisangura, kwamba anameza kila siku dawa ya kuzuia damu isigande kwenye mlango ule wa chuma, na kwamba haruhusiwi kusahau kwenda kupimwa damu. Lakini mchana ule hakuna aliyejua hayo yote yangekuwaje, na tulikuwa tukimtazama kila alipoinuka. Wanaume walikuwa nje na nyama yao. Sisi tulikuwa ndani, kwenye chumba cha viti vyenye vitambaa vya kufuma: Mama Chacha, Sista, mimi, Rhobi, na bibi yake, mama mzaa baba, mwanamke mzee sana ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha na masikio yamebaki. Ugali ukaletwa, mbuzi akaletwa, mikono ikanawishwa, na kukawa na kile kimya kinachotangulia tonge la kwanza.

"Nani amekuja na saa?" bibi akauliza kwa Kikurya.

Sista alikuwa ameiacha yake nyumbani. Mama Chacha akamwambia hakuna saa humu, mama, kula.

"Kuna saa inalia humu ndani," bibi akasema. "Mimi si mjinga."

Tukasikiliza, na sasa tukaisikia sote, ndogo, kavu, tik, tik, haraka kidogo kuliko saa. Rhobi aliweka tonge lake chini.

"Ni mimi, bibi."

Akamweleza: lile lango waliloliweka ni la chuma, na hilo ndilo linalosikika likifunga. Bibi akanyoosha mkono hewani mpaka Rhobi akasogea, akamshika kichwa, hapana, akamshika bega, akaweka sikio lake juu ya blauzi, akakaa hapo. Ugali ukawa unapoa. Nilitaka kujua anasikia nini ambacho mimi, na stetoskopu, nisingesikia, na najua kwamba hilo ni swali lisilo na kipimo. Mwishowe akainua kichwa.

"Na ikisimama?"

Sista akafungua kinywa kusema jina la Mungu, nami pia nilikuwa na la kusema, kitu kuhusu chuma na ubora wake. Rhobi akatuwahi. Alishachukua tonge lake, akalichovya.

"Hata ya kwako, bibi," akasema, akala.

Yule mzee alibaki ameelekeza uso kwake. Kisha taratibu akapeleka kiganja kifuani kwake mwenyewe, upande wa kushoto, akakitembeza mpaka akapata mahali, akatulia, akisikiliza.